Ebarimo na Oborogi: Maneno Mawili Yaliyoamua Nani Atibiwe na Nani Aadhibiwe

Nje kidogo ya mji wa Kisii, si mbali na mpaka wa Kaunti ya Nyamira, iko wadi ya Birongo katika eneo la Nyaribari Chache. Huko, mtu aliyepoteza akili huitwa omobarimo, na hali yake huitwa ebarimo. Lugha hiyohiyo ya Ekegusii ina neno jingine ambalo wazazi hawapendi kulitamka mbele ya watoto: oborogi, yaani uchawi. Mwenye oborogi ni omorogi.

Kwa mbali, watu hawa wawili wanaweza kufanana. Inasemekana wote hutembea usiku, huongea maneno yasiyoeleweka, huonekana mahali pasipostahili na hushindwa kujieleza wanapoulizwa. Tofauti iko katika lawama. Omobarimo amepatwa, jambo limemjia kutoka nje na hana hatia. Omorogi amekusudia, anajua anachofanya na amekichagua. Wa kwanza hutafutiwa dawa. Wa pili, katika miaka mibaya, ametafutiwa petroli.

Historia ya jinsi Wagusii, serikali ya kikoloni na serikali ya Kenya huru walivyoamua nani apewe neno lipi ni ndefu, na inaanzia mbali kuliko Birongo.

Wafu ndani ya neno

Wasemaji wa Kiswahili husema mtu "ana wazimu" au "wazimu umempanda" bila kufikiri kwamba wanataja wafu. Lakini neno hilo ni ndugu wa mzimu, roho ya marehemu, na wa kuzimu, makao ya marehemu hao. Zimwi la hadithi za watoto limetoka katika ukoo huohuo. Mzizi wenyewe ni wa Kibantu na umeenea katika sehemu kubwa ya bara. Waganda wana omuzimu, Washona wana mudzimu, Wakamba huwaita mizimu wao aimu, na Watswana huwaita wahenga wao badimo. Ebarimo ya Ekegusii ikiwekwa kando ya badimo, mifupa ya maneno hayo mawili inaonekana kuwa ileile.

Jambo la kupendeza ni kwamba katika Gusii ya leo mizimu yenyewe haiitwi hivyo tena. Roho za wahenga huitwa ebirecha. Neno la zamani limebaki na maana ya matokeo tu: kile kinachompata mtu pale wafu wanapomshika.

Pwani, Kiarabu kiliongeza tabaka la pili. Neno akili linatokana na ʿaql, na wanazuoni wa Kiarabu wenyewe walilihusisha na kamba ya kumfunga ngamia goti asitoroke. Kwa hiyo Mswahili aliyesema mwenzake "amerukwa na akili" alikuwa na picha nzuri ya kamba iliyokatika. Majinuni, neno la washairi, maana yake ni aliyeshikwa na jini. Kibantu na Kiarabu vilikutana Mombasa na Lamu vikiwa tayari vimekubaliana juu ya jambo moja: asiye na akili amevamiwa.

Waingereza walipoleta sheria zao, nao walileta neno lenye asili ya ajabu vilevile. Jina la kisheria la kichaa katika Kiingereza cha wakati huo lilitokana na luna, mwezi kwa Kilatini, kwa kuwa watu wa kale wa Ulaya waliamini mwezi ndio unaovuruga vichwa. Hakuna upande uliokuja na neno safi.

Karne ya 19: mwaguzi na mpasuaji

Mwanzoni mwa karne ya 19, koo za Wagusii zilikuwa zimekwisha kujikita katika nyanda za juu zilizo mashariki ya Ghuba ya Winam: Nyaribari, Bogetutu, Bobasi, Bomachoge, Bonchari na Bogirango. Palipotokea ugonjwa usioeleweka, familia ilimwendea omoragori, mwaguzi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Kazi yake ilikuwa kutaja chanzo. Huenda babu alisahauliwa katika tambiko. Huenda kiapo kilivunjwa. Huenda damu ya ndugu ilimwagwa na haikusafishwa.

Majibu hayo yalikuwa na faida ambayo ni rahisi kuidharau. Kama chanzo cha ebarimo ni deni la ukoo kwa wahenga, basi mbuzi hutolewa na ukoo mzima, na mgonjwa hubaki kuwa mtoto wa nyumba. Hata waaguzi wenyewe wengi waliingia katika kazi hiyo baada ya kuugua kwa namna ya ajabu na kuambiwa kwamba ebirecha wanawataka wafanye kazi hiyo. Kuvurugikiwa kungeweza kuwa mlango wa heshima.

Lakini omoragori huyohuyo angeweza kutoa jibu la pili: kuna mtu anakuroga. Hapo ugonjwa ulipata mkosaji aliye hai, na kwa kawaida mkosaji huyo alikuwa jirani au mke mwenza, mara nyingi mwanamke, aliyedaiwa kukimbia usiku na kufukua maiti. Njia mbili zilitoka katika kibanda kimoja cha uaguzi.

Kulikuwa pia na wataalamu ambao hawakujali mizimu hata kidogo. Hao ni ababari, wapasuaji wa kichwa. Mgonjwa alilazwa, akashikwa na wanaume wenye nguvu, ngozi ya kichwa ikachanwa, kisha mfupa wa fuvu ukakwanguliwa polepole hadi tundu lipatikane. Madaktari wa Kizungu waliosikia habari hizo walidhani tundu lilikuwa la kutolea pepo. Katika miaka ya 1950, daktari Grounds na daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, walipozichunguza kwa makini walikuta jambo tofauti. Ababari walitoboa fuvu kwa ajili ya maumivu ya kichwa, hasa yaliyofuata pigo la rungu au kuanguka. Ilikuwa tiba ya jeraha. Wageni ndio waliokuwa wamejaza pepo ndani ya tundu lile.

1905 hadi 1914: nabii, mkuki na mji wa wazungu

Jeshi la Waingereza lilipiga Gusii kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Mwaka 1907 kituo cha serikali kilianzishwa mahali ambapo wenyeji walipaita Bosongo, kwa wazungu, nao ndio mji wa Kisii wa leo. Wazee walisema kwamba mwaguzi mkuu Sakagwa alikuwa ameuona mji huo kabla haujajengwa: aliwaonyesha watu mahali yatakapokaa majengo ya serikali na kuwatabiria kwamba vijana watapokonywa silaha. Sakagwa alitoweka machoni pa watu mnamo 1902, na wengi walikataa kuamini kwamba amekufa.

Mwingine mwenye sauti ya aina hiyo alikuwa mwanamke, Moraa wa Ng'iti, mganga na mwonaji aliyewachukia wageni waziwazi. Januari 1908, kijana Otenyo, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa wa nyumba ya Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, aliyejulikana na wenyeji kwa jina la Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka 29 baadaye alikuwa gavana wa Hong Kong. Gusii haikupona upesi namna hiyo. Kikosi cha adhabu kilichoma nyumba, kikachukua ng'ombe na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kutoka London akihoji kuchinjwa kwa watu wasio na ulinzi.

Kwa serikali, Moraa alikuwa mchochezi mwenye kelele. Kwa watu wake alikuwa mtu aliyeona mbele. Kuanzia hapo, swali la nani ana akili timamu likaanza kujibiwa katika lugha mbili zisizosikilizana.

1913 hadi 1934: mungu wa ziwani

Mwaka 1913, katika nchi ya Alego upande wa Waluo, Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa alimmeza ziwani, akamtapika akiwa mzima, kisha akampa ujumbe. Nyoka huyo, Mumbo, aliagiza watu waache dini ya wazungu, wafuge nywele, wasioge, wachinje mifugo yao wale washibe, maana mifugo mingine itatoka ziwani na wazungu watatoweka.

Kwa afisa aliyekaa ofisini Kisumu, huo ulikuwa upuuzi mtupu. Lakini Gusii ilikuwa na sababu ya kuusikiliza. Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka upande wa Mwanza na kuingia Kisii. Waingereza waliuacha mji kwa muda kabla ya kurudi na kupigana. Watu wa vilima vya karibu waliona kwa macho yao wazungu wakikimbia. Wengi waliingia mjini wakachukua mali za ofisi, maduka na misheni. Utabiri wa kwamba wazungu wataondoka ulikuwa umetimia, japo kwa siku chache.

Kilichofuata kiliipa imani hiyo nguvu zaidi: faini ya ng'ombe kwa uporaji, wanaume kupelekwa vitani kama wapagazi, kodi ya nyumba, na mwishoni mwa vita njaa pamoja na homa ya mafua iliyozunguka dunia. Mumbo aliingia Gusii na kukutana na kumbukumbu ya Sakagwa. Waumini walitazamia mwaguzi huyo arudi. Mikutano ilikuwa na kuimba, kutetemeka na kunena. Misheni za Wakatoliki huko Nyabururu na Waadventista huko Nyanchwa zilipoteza baadhi ya wanafunzi wao.

Serikali iliwaita viongozi wa Mumbo walaghai na washupavu wa dini. Neno la kichaa lilikuwa karibu, lakini halikutumika kama neno la sheria, kwa sababu mwendawazimu hawezi kuhamishwa kwa kosa. Serikali ilihitaji wakosaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 viongozi walipelekwa Lamu, mwendo mrefu kutoka Ziwa Victoria. Imani ilipofufuka mapema miaka ya 1930, wengine waliondolewa tena.

1910 hadi 1948: Mathari au Lamu

Wakati huohuo, Nairobi ilikuwa na mahali pa wale waliopewa neno la kichaa. Mwaka 1910, jengo lililokuwa la kuwatenga wagonjwa wa ndui lilifunguliwa upya kuwa makazi ya vichaa. Mwaka 1924 likapewa jina la Mathari. Kwa muda mrefu, sheria iliyotumika kuwaingiza watu humo ilikuwa ya Kihindi, ya mwaka 1858, iliyoletwa Afrika Mashariki pamoja na sheria nyingine za Bombay. Kenya ilipata sheria yake ya matibabu ya akili mwaka 1933. Wagonjwa walitengwa kwa rangi kama walivyotengwa kila mahali pengine.

Kwa sehemu kubwa, Mwafrika aliyefika Mathari alifika kupitia polisi. Alikuwa ameonekana uchi mjini, amepiga mtu, au amewasumbua watu kwa kelele. Aliyevurugikiwa kimya kimya kijijini alibaki kijijini. Kwa hiyo takwimu za hospitali zilipima zaidi kazi ya polisi kuliko hali ya vichwa vya watu.

Aliyeonja maneno yote mawili alikuwa Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji wa mpira aliyewahi kuiwakilisha Kenya. Alipinga kazi za lazima na amri ya kung'oa magugu, akahubiri kwamba watu warudi kwa misambwa, roho za wahenga wa Kibukusu. Mwaka 1945 alitiwa hatiani, kisha akapelekwa Mathari kama mgonjwa wa akili. Alitoka mwaka 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake wa Dini ya Msambwa huko Malakisi na kuua watu 11. Mwaka huohuo Masinde alikamatwa na kupelekwa Lamu. Mtu yuleyule, mahubiri yaleyale: kwanza mgonjwa, baadaye mhalifu. Serikali ilibadilisha neno pale umati ulipokua.

1925 hadi 1932: mahakama na uchawi

Upande wa oborogi, wakoloni walijikuta katika mtego wao wenyewe. Sheria ya Uchawi ya 1925 ilimwadhibu mtu anayejifanya ana nguvu za kichawi. Neno "kujifanya" ndilo lililobeba uzito: kwa sheria, uchawi haupo, upo udanganyifu tu. Mwanakijiji aliyemtuhumu jirani yake kijijini kwa kumroga mtoto, bila kwenda kwa wenye mamlaka, aligundua kwamba yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa kumtuhumu mtu uchawi.

Ukambani, kesi ya Kumwaka wa Mulumbi ililifanya jambo hili lizungumzwe hadi London. Kundi la wanaume lilimpiga na kumuua mwanamke waliyeamini amemroga mke wa mmoja wao. Mwaka 1932 watu 60 walihukumiwa kunyongwa kwa mkupuo. Mawakili walisema watu hao walitenda kwa imani ya kweli kwamba wanajilinda. Mahakama ilijibu kwamba imani hiyo haikubaliki katika sheria ya mtu mwenye busara ya kawaida. Hukumu za kifo zilibadilishwa baadaye kuwa vifungo, kwa sababu hata serikali iliona ugumu wa kunyonga wanaume 60 kwa kufanya jambo ambalo majirani zao wote wangelifanya.

Swali lililobaki mezani lilikuwa zito. Kama Wakamba au Wagusii wote wanaamini jambo moja, je, kuliamini ni kukosa akili? Badala ya kulijibu kwa kuchunguza jamii, baadhi ya Wazungu wa Nairobi waliamua kuchunguza mafuvu.

1930 hadi 1954: fuvu la Mwafrika

Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari aliyekuwa Mathari, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo na haukomai. Mwenzake, F. W. Vint, alipima ubongo wa maiti mjini Nairobi na kutoa matokeo yaliyomuunga mkono. Walowezi waliosikia kwamba elimu kwa Waafrika ni fedha iliyopotea walifurahi.

J. C. Carothers alichukua usimamizi wa Mathari mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo ya kutosha ya tiba ya akili. Hakuwa mkali kama Gordon, lakini nadharia yake ilisafiri mbali zaidi. Mwaka 1951 alilinganisha namna Mwafrika anavyofikiri na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, iliyoeleza uasi ule kama tatizo la nafsi za Wagikuyu waliokatika kutoka mila zao kabla ya kupokewa na mila mpya. Suala la ardhi liliwekwa pembeni. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyekuwa upande wa wapigania uhuru wa Algeria, alimshambulia Carothers katika kitabu chake cha mwisho mwaka 1961.

Kwa njia hii, kile ambacho wazee wa Nyaribari walikiweka nje ya mtu, katika deni la ukoo kwa wafu, sayansi ya kikoloni ilikiweka ndani ya mfupa wa rangi fulani. Ukilinganisha maelezo hayo mawili, ya mwaguzi yalikuwa na unafuu: yaliacha nafasi ya kupona.

1955 hadi 1977: wanaouliza upya

Mwaka 1955, kijana Mmarekani Robert LeVine na mkewe Barbara waliwasili Gusii na kukaa hadi 1957 katika jamii waliyoiita Nyansongo. Walihesabu mbuzi, waliwatazama watoto wakicheza, na walisikiliza mashtaka ya uchawi jioni baada ya jioni. Kabla yao, Philip Mayer alikuwa ameandika kuhusu mahari na sheria za Wagusii. Kutokana na kazi hizi ikaonekana wazi kwamba tuhuma ya oborogi haikuanguka ovyo. Ilifuata mstari wa wake wenza wanaogombea mashamba ya wana wao, majirani wenye kijito kimoja na mashamba yaliyozidi kuwa madogo. Kulikuwa na mantiki, ya kikatili lakini inayoeleweka, ndani ya kile kilichoitwa ujinga.

Mumbo naye alirudishiwa akili na wanahistoria. Mwaka 1972 Bethwell Ogot na William Ochieng', mwanahistoria aliyeandika pia historia ya Gusii kabla ya ukoloni, waliieleza imani ile kama harakati ya kupinga utawala wa kigeni. Mwaka 1977 Audrey Wipper alichapisha kitabu kuhusu Mumbo na Dini ya Msambwa kikiwaita wafuasi wa imani hizo waasi wa vijijini. Kama mtu ametozwa kodi, ameporwa ng'ombe, amepelekwa vitani na hana mahali pa kushtaki, kumsikiliza anayeahidi kwamba wenye kumtesa wataondoka ni jambo la kueleweka.

Watu wa kawaida hawakufaidika sana na mabadiliko hayo ya vitabuni. Kenya huru ilirithi Mathari pamoja na sheria za matibabu ya akili na za uchawi. Sheria mpya ya afya ya akili ilipitishwa mwaka 1989. Ile ya uchawi ya 1925 iliachwa ilivyo.

1992 hadi 2021: moto

Mwishoni mwa 1992, nyumba zilianza kuchomwa Gusii zikiwa na wazee ndani. Wimbi hilo liliendelea hadi 1994, na msomi wa Kigusii Justus Ogembo aliliandikia kitabu kizima. Hali ya nchi ilichangia: siasa za vyama vingi zilikuwa zimefunguka kwa vurugu, uchumi ulikuwa umeporomoka, na idadi ya watu katika vilima hivyo ilikuwa kubwa mno kwa ardhi iliyopo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani nchini. Serikali iliyokuwa na sheria inayosema uchawi ni udanganyifu sasa iliunda tume kumtafuta Ibilisi.

Moto ulirudi Mei 2008, miezi michache baada ya machafuko ya uchaguzi. Mamia ya vijana walivamia vijiji na kuwachoma watu 11, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wakiwa wazee. Taarifa za wakati huo zilisema kilichowasha hasira kilikuwa daftari lililookotwa katika shule ya msingi, likidaiwa kuwa na kumbukumbu za kikao cha wachawi. Kinachoshangaza ni umbo la ushahidi wenyewe. Wachawi walihukumiwa kwa karatasi, kwa kumbukumbu za mkutano, kwa kitu ambacho shule na serikali ndizo zilizowafundisha watu kukiamini.

Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kipigo na moto baada ya kudaiwa kuhusika na mwanafunzi aliyepatikana akiwa hawezi kuzungumza. Kijana aliyepoteza sauti ghafla angeweza kuitwa omobarimo, akapelekwa hospitali. Siku ile jibu la pili lilitolewa mapema zaidi.

Madaktari wa Kenya wamekuwa wakitaja sababu nyingine inayowafanya wazee walengwe. Ugonjwa wa kusahau uzeeni, unaoambatana na kutangatanga usiku, kuongea peke yake, kuvua nguo na kuwasahau jamaa, hutoa picha inayofanana sana na ile ya omorogi katika masimulizi ya zamani. Uchunguzi uliofanyika Makueni ulikuta pia kwamba dalili hizo huhusishwa na uchawi. Umri wa kuishi umeongezeka, kwa hiyo wazee wanaofika hatua hiyo ya ugonjwa ni wengi kuliko wakati wa babu zao. Waliokuwa wachache na kutunzwa kama waliopatwa, sasa ni wengi na wanaweza kushtakiwa.

Tangu 2022

Mwaka 2022 Bunge lilifanyia marekebisho sheria ya afya ya akili. Serikali za kaunti zilipewa wajibu wa kutoa huduma hizo, na haki za mgonjwa ziliandikwa wazi zaidi kuliko awali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, kwa sababu sheria ilikuwa inamwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Hatua hizo mbili zinahamisha watu kutoka upande wa kosa kwenda upande wa maradhi.

Sheria ya Uchawi haijahama nazo. Bado inamtafuta anayejifanya mchawi na anayemtuhumu mwenzake, na machifu bado huitwa kutuliza mashtaka ambayo sheria haiyatambui kuwa na ukweli.

Septemba 2023 serikali ya kitaifa na za kaunti zilituma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupima joto la mwili, shinikizo la damu na sukari. Hao ndio watumishi wa afya wanaofika mlangoni mwa nyumba za Birongo, Keumbu na Marani. Mama mzee anapoanza kupotea njia ya kisimani, mhamasishaji ana nafasi ya kumwona kabla uvumi haujamfikia, na kumpeleka kliniki akiwa na karatasi inayotaja ugonjwa wake kwa jina. Familia nyingi hutembelea mchungaji, omoragori na zahanati katika juma lilelile. Kila mmoja huja na jibu lake juu ya chanzo, na familia hulazimika kuamua ni lipi la kuwaambia majirani.